Chenga, Ukungu na Azimio: Habari za Ubora wa Picha za Video Katika Njombe na Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa hufika hapo ikagawanyika: mkono mmoja waenda Mbeya na mpaka wa Zambia, na mkono wa pili washuka kusini kwa Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake papo hapo. Njombe yenyewe iko mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Makambako, juu ya vilima vilivyo karibu meta 2,000 toka usawa wa bahari, nchi ya baridi, mvua na ukungu, ya chai, miwati na viazi. Wenyeji wengi ni Wabena, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili kwa muda mrefu, ingawa vijana wengi wa mjini siku hizi wamekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Vitu vingi vilivyofika Njombe kutoka nje vilipita Makambako kwanza, na majina yake yakaja juu ya gari lile lile.

Makala hii yaeleza jinsi watu wa sehemu hizo, kama Watanzania wengine wa bara, walivyoutaja ubora wa picha za video, na zaidi ubovu wake, tangu siku za gari la sinema mpaka siku za simu ya mkononi. Sababu ya kulishughulikia jambo hili ni neno moja lililokosewa. Mtu akiiuliza mashine ya kutafsiri jina la ile hesabu ya nukta zinazofanya picha ya video, hesabu ambayo Waingereza huiita kwa neno lao lenye maana pia ya uamuzi wa mkutano, aghalabu hujibiwa: azimio. Basi huambiwa kwamba simu yake ina “azimio la juu”, kama kwamba simu hiyo imekaa kikao na kupiga kura. Neno azimio, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kukata shauri, Watanzania walilizoea katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Halikuwahi kuhusika na nukta. Walakini kosa hili lisingekuwa na uzito kama lisingeficha jambo jingine, yaani kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa na maneno yao wenyewe ya mambo haya miaka mingi kabla ya mashine ya kutafsiri kuzaliwa.

Sinema ya mafunzo iliingia katika Tanganyika mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zao zilikuwa za upana wa milimita 16, na maneno, ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika Mashariki, yalitiwa katika sahani za santuri zilizochezwa pamoja na picha. Hapo ndipo ilipoanza taabu ambayo haijaisha hadi leo, ya sauti kwenda upande mmoja na picha upande mwingine. Baadaye, katika miaka ya 1950, zilitengenezwa filamu za hadithi za Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Magari ya sinema yaliendelea kuzunguka baada ya Uhuru pia, na watu walikaa chini usiku mbele ya kitambaa cheupe wakiangalia.

Jambo moja la siku zile lafaa litajwe, kwa kuwa lahusu macho. William Sellers, aliyekiongoza chombo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha za haraka wala za ufundi mwingi, na kwa hiyo lazima apewe picha za polepole na zilizo sahili. Wataalamu wengi wamekwisha kuipinga rai hiyo, na si haja kuirudia hoja yao yote. Inatosha kusema kwamba waliopima macho ya watazamaji hawakujishughulisha sana kupima picha. Kitambaa kilichotikiswa na upepo, taa dhaifu, filamu iliyokwaruzwa kwa kuchezwa mara nyingi: mtu asiyeona vizuri mbele ya vitu hivyo ana haki ya kuulizwa anaona nini, kabla ya kuambiwa kuwa hajui kuona. Na maneno yatakayoelezwa hapa chini yaonyesha kuwa watazamaji walijua sana kutenga kosa la mashine na kosa la hadithi.

Televisheni ilichelewa katika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, lakini bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, Serikali ikiwa imeiona kuwa ni anasa isiyoilingana nchi maskini. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: kwa watu wengi wa bara, kioo cha televisheni kilikuja nyumbani kwa ajili ya kanda za video, wala si kwa ajili ya matangazo. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video zilianza kuingia, na pamoja nazo vibanda vya kuonyeshea picha kwa kiingilio, kwa umeme au kwa jenereta. Katika mji wa njia panda kama Makambako, wenye madereva, wasafiri waliolala na vijana wa sokoni, kibanda cha namna hiyo hakikosi wateja. Baadaye vibanda hivyo vilipata jina la utani, vibanda umiza, na asiyejua sababu yake hajapata kukaa saa mbili juu ya ubao mwembamba akibanwa na jirani pande zote mbili.

Kanda ya VHS, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, huweza kupambanua mistari 240 hivi tu. Hiyo ni kanda ya kwanza. Nyingi zilizofika mikoani zilikuwa nakala ya nakala, na kila kanda inaponakiliwa hupoteza kitu: rangi huchujuka, kingo za nyuso hulegea, mistari hupita. Maneno hayo yote ni ya nyumbani. Kuchujuka ni kwa kitambaa kilichofuliwa sana. Mikwaruzo ni ya mwiba juu ya ngozi. Lakini neno lenye mambo mengi kuliko yote ni ukungu.

Katika Kiswahili ukungu ni wingu linalolala chini asubuhi, na pia ni ule uotaji mweupe unaoshika mkate, ngozi na nguo zilizofungiwa mahali penye unyevu. Kamusi hutoa maana zote mbili, na yaelekea kwamba zimetokana na mfano mmoja, wa weupe mwepesi unaofunika kitu. Sasa katika nchi ya Njombe kanda ya video iliyowekwa kabatini miaka kadhaa hushikwa na ukungu kwa maana ya pili, kwa sababu ya unyevu. Na kanda hiyo ikitiwa katika deki, vichwa vya kusomea huchafuka, na picha hutokea kioo kizima kikiwa na ukungu kwa maana ya kwanza. Sababu na tokeo vyaitwa kwa jina moja. Asemaye “mkanda una ukungu” huenda anasema juu ya kile akionacho kwenye kioo, au juu ya kile akionacho kwenye utepe, na mara nyingi vyote viwili ni kweli. Ni shida kupata lugha nyingine ambayo ingeyaeleza maradhi ya kanda kwa ufupi kama huo. Hata hivyo maana hii ya picha haijatiwa ipasavyo katika kamusi.

Neno la pili ni chenga. Televisheni ya zamani isiyopata mawimbi ya kutosha ilijaa vitone vyeupe na vyeusi vikichemka juu ya kioo. Waingereza waliviita theluji. Watu wa Tanzania, hata wa Njombe ambako sakitu huonekana majanini katika miezi ya Juni na Julai, hawakufikiri habari za theluji; waliviita chenga. Asili ya neno hili katika matumizi hayo ina mashaka, kwa kuwa kuna chenga mbili. Moja ni ya mchezo wa mpira: kupiga chenga, kumhepa mtu. Ya pili ni ya nafaka: chenga za mchele, yaani punje zilizovunjika, zinazouzwa kwa bei ndogo kuliko mchele mzima. Wapo wasemao kwamba picha yenye chenga ni ile inayomhepa mtazamaji. Hoja hiyo yapendeza masikioni lakini ni dhaifu. Kwanza, husemwa picha ina chenga, ni ya chengachenga, wala haisemwi kuwa picha inapiga chenga. Sarufi yenyewe yaelekeza kwenye kitu kilicho ndani ya kingine, kama chenga zilivyo ndani ya mchele. Pili, umbo la vitone vile ni umbo la chenga zilizomwagwa juu ya ungo. Tatu, maana ya thamani inafuatana nayo: mchele wa chenga ni chakula, walakini si chakula cha kumkaribishia mgeni, na picha ya chenga hutazamwa, walakini kwa manung'uniko.

Neno hili limeishi kuliko mashine iliyolizaa. Mwisho wa mwaka 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam kwanza na miji mingine kwa awamu, na ving'amuzi vikaingia kila nyumba yenye televisheni. Katika matangazo ya dijitali hakuna chenga. Mawimbi yakipungua, picha huvunjika vipande vya mraba, au huganda, au hutoweka kabisa kioo kikawa cheusi. Pamoja na hayo, mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mabadiliko hayo, akishindwa na hesabu ubaoni, atasema “naona chenga tu”, naye hajapata kuziona chenga zenyewe maishani mwake.

Habari za diski hazihitaji maneno mengi. Video CD, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1993, ilibeba nukta 352 kwa 288 katika kila picha. Ilikuwa rahisi kuchoma na kuuza, na ndiyo iliyozieneza filamu za Kiswahili za miaka ya 2000. Maneno yake ni mawili: CD hukwama, na CD huruka. Wakati huo ndipo walipotukuka watafsiri wa vibandani, mashuhuri kuliko wote akiwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aitwaye Lufufu, ambaye sauti yake ilikaa juu ya sauti ya wachezaji wa kigeni. Na kwa wasikilizaji wake picha yenye kasoro haikuharibu starehe maadamu msimulizi yu mzima.

Simu ndiyo iliyobadili mambo. Simu nyingi za kwanza zenye kamera ya video zilirekodi nukta 176 kwa 144, yaani 25,344 kwa jumla. Simu ya kawaida ya leo hurekodi 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600, zaidi ya mara 80. Mtu angedhani basi kwamba malalamiko yamekwisha. Sivyo ilivyo, kwa sababu picha haikai katika simu iliyoirekodi. Hurushwa. Kitenzi hiki, ambacho hapo kale kilikuwa cha jiwe na mshale, na baadaye cha matangazo ya redio, sasa ndicho kitenzi cha kila siku cha kupelekeana picha: “nirushie”. Na kitu kirushwacho hupungua njiani. WhatsApp, inayotumiwa kuliko njia nyingine, kwa miaka mingi iliweka mpaka wa megabaiti 16 kwa video, nayo huibana upya kila video kabla ya kuipeleka. Mwaka 2022 iliruhusu faili kubwa kupelekwa kama hati bila kuguswa, na mwaka 2023 ikaongeza nafasi ya kuchagua ubora wa juu kidogo. Wengi hawachagui, kwa kuwa kinachohesabiwa ni bando. Hivyo video ya harusi ya Makambako ikirushwa kwa shangazi aliye Songea, na shangazi akaishusha katika kadi ya kumbukumbu, na mtu mwingine akairusha tena baada ya kuifupisha, hubanwa mara mbili au tatu, na nyuso za maharusi hupasuka vigae. Watu waliozoea kanda watalitambua jambo hili: ni nakala ya nakala iliyorudi kwa mlango mwingine. Tofauti ni kwamba nakala ya dijitali haina haja ya kupungua hata chembe. Hupungua kwa sababu imebanwa upya, wala si kwa sababu imenakiliwa.

Wanaohariri picha katika studio za Njombe na Makambako, wale wanaorekodi harusi, kipaimara na misiba, huingia katika ugomvi ambao chanzo chake ni lugha. Mteja husema picha ni mbovu. Fundi husema ni nzuri. Huenda wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa neno moja ubora limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza ni ubora wa faili yenyewe. Pili ni ubora wa kuonyeshwa: programu ya kuhariri, ikiwa kompyuta ni dhaifu, huonyesha nusu au robo ya nukta ili isilemewe, na hurukaruka, ilhali faili iliyo chini yake ni nzima. Kadhalika video iliyowekwa YouTube huonekana kwanza kwa ubora wa chini mpaka mitambo imalize kuiandaa kwa ubora wa juu. Na kompyuta ya zamani isiyo na uwezo wa kufungua mbano mpya wa H.265, wa mwaka 2013, hutoa sauti na kioo cheusi, mtu akadhani kwamba simu yake ilimdanganya. Tatu ni ubora wa kazi: mwanga, kutulia kwa mkono, mahali pa kusimama. Mteja alipaye fedha zake hana neno la kuvitenga vitatu hivyo, na fundi naye hana.

Jambo hili lawagusa wanaisimu kuliko wanavyodhani. Lugha za nyanda hizi, Kibena, Kikinga, Kipangwa na jirani zake, zimeorodheshwa katika Atlasi ya Lugha za Tanzania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 2009, na Kibena kimepata sarufi kubwa ya Michelle Morrison ya mwaka 2011. Walakini akiba kubwa ya usemi halisi wa wazee, wakitoa hotuba za harusi, wakiomboleza, wakiamua mashauri, haimo maktabani. Imo katika kanda za makabati ya watu, na katika simu. Hapo ubora wa picha huwa ni ushahidi. Midomo hukutana kwa m, b na p, na mdomo hugusa meno kwa f na v. Mtafiti asiye na hakika ya sauti aliyoisikia huangalia mdomo. Kufunga huko kwa midomo huchukua aghalabu kati ya sehemu 50 na 100 za elfu za sekunde. Video ya fremu 25 kwa sekunde hupiga picha kila sehemu 40, basi mfungo mmoja huonekana mara moja hadi tatu. Video ya fremu 10, kama zilivyokuwa nyingi za simu za zamani, hupiga kila sehemu 100, na mdomo waweza kufunga na kufunguka kati ya fremu mbili bila kuonekana kamwe. Zaidi ya hayo, simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Huzipunguza gizani na kuzizidisha kwenye mwanga, na baadhi ya programu za kuhariri zikizipokea hushindwa kulinganisha, hata mwisho wa hotuba ya nusu saa sauti ikawa imeutangulia mdomo. Taabu ya santuri za Vugiri imerejea. Kwa watumiao Lugha ya Alama ya Tanzania hasara ni kubwa zaidi, maana kidole kilichopasuka vigae ni neno lililopotea.

Ndiyo maana jina lake si upuuzi. Kama wataalamu wa istilahi wanataka neno moja kwa hesabu ya nukta, azimio halifai, na ubora ni pana mno. Upambanuzi lingefaa, kwa kuwa kupambanua ni kukitenga kitu na kingine kilicho karibu nacho, na hiyo ndiyo maana ya asili ya jambo lenyewe katika elimu ya macho na lenzi. Neno hilo lilikuwapo tangu zamani na halina kazi nzito nyingine ya kugombana nayo. Lakini kazi iliyo ya kwanza ni kuyakusanya yale ambayo watu wameyaunda bila kuambiwa: chenga, ukungu, kuganda, kuruka, kupasuka, kurusha, pamoja na mashine ambayo kila moja lilizaliwa kwayo, maadamu bado wapo wazioneao deki kwa macho.

Na deki zenyewe zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyosemekana kuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha mwezi wa Julai mwaka 2016. Kanda yenye sauti ya mzee wa Kibena wa mwaka 1990 yahitaji deki nzima, fundi wa kuusafisha utepe kabla ya kuucheza, na mtu wa kuihamisha mara moja tu katika faili kubwa isiyobanwa sana, kisha akaitunza hiyo, na kurusha nakala yake tu.